Uzoefu wangu: Nyumba ya wageni kando ya bahari, safari ya msiba

Nimeipa nyumba hii nyota nne, na ya tano nitaeleza ilikopotelea. Sikuja kutalii. Nilikuja kumzika shangazi yangu, dada yake baba, na kwa kuwa nyumba ya msiba ilishajaa watu, baadhi yetu tukakubaliana tutafute pa kulala kwingine. Maoni mengi niliyosoma yanasifu bwawa la kuogelea na machweo. Aliyefiwa anatazama mengine.

Kubwa ni tarehe. Mazishi husogezwa: mtoto wa marehemu bado yuko njiani, au kibali cha kusafirisha mwili hakijatoka. Ndiyo maana kabla ya kulipa nilisoma masharti ya kughairi, nikachukua chumba chenye uhuru wa kubadilisha siku ingawa bei yake ilikuwa juu kidogo. Na kweli mazishi yakasogezwa. Nikapiga simu mapokezi, wakanibadilishia bila kunitoza wala kunihoji. (Tiketi ya ndege ni habari nyingine. Yapo mashirika yanayowapa nafuu waliofiwa, ila kwa kawaida hutaka uthibitisho wa kifo na wa undugu wako na marehemu, na nafuu yenyewe mara nyingi huipati mpaka uulize. Uliza tu, aibu ya nini.)

Halafu kuna suala la kuachwa utulie peke yako. Msibani unapewa pole tangu asubuhi, na kila pole inadai maelezo. Aliugua nini? Alikuwa na nani? Unasimulia, anaingia mwingine, unaanza upya. Ni wema, siukatai, lakini jioni inafika ulimi umechoka na machozi bado umeyabana kifuani. Wahudumu wa hapa walinipa pole mara moja, wakauliza kama nahitaji chochote, basi. Ufunguo wa geti la kwenda ufukweni walinikabidhi mwenyewe nitoke saa niitakayo.

Na huo ufukwe ndio hasa ulionifanya niandike. Mapokezini wamebandika jedwali la maji kujaa na kupwa. Wengi wanalipita, wewe lisome. Toka maji yajae hadi yapwe ni takriban saa 6 na dakika 12, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo saa uliyoukuta ufukwe mpana leo, keshokutwa unaweza kukuta maji yako magotini. Nilifika mwezi ukiwa mpevu, siku za bamvu, bahari inapojaa sana na kupwa sana. Ikipwa, mchanga mgumu ulienea hadi mbali, nikatembea peke yangu nikiongea na shangazi kwa sauti ya kawaida, kama tulivyozoea. Ikijaa, mawimbi yaligonga ukuta na pa kukaa palibaki kwenye ngazi tu.

Upepo nao una ratiba yake. Alfajiri bahari ilikuwa shwari. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka baharini. Kufika alasiri ulikuwa mkali kiasi kwamba simu ikiita huisikii. Anayetaka kimya aende alfajiri. Anayetaka kulia kwa kwikwi asisikike aende alasiri. Mimi nilizitumia zote mbili.

Binamu mmoja alinong'ona kwamba sisi tuliolala huku tumekuja kupunga upepo. Sikumjibu. Nilikuwa nimekuja kuzika na kupunga upepo, na cha pili ndicho kilichonipa nguvu ya kusimama kaburini siku iliyofuata bila kushikiliwa.

Sasa nyota iliyopotea. Usiku wa kuamkia mazishi, ukumbi ulioungana na nyumba hii ulikuwa umekodishwa kwa sherehe, muziki ukalia hadi usiku wa manane. Sina ugomvi na wenye furaha yao. Ugomvi wangu ni na mapokezi: walijua tangu nilipobadilisha tarehe, walijua nimekuja kwa sababu gani, na hawakusema. Nilipolalamika walinihamishia chumba cha nyuma, kimya kweli, ila dirisha lake linatazama matangi ya maji. Dogo jingine: kile chumba cha kwanza kinaitwa "cha kutazama bahari", na bahari unaiona, mradi usimame kwenye kona kati ya kabati na ukuta.

Kama wewe ni mtoto au mwenzi wa marehemu, sikushauri ulale huku; utahitajika kule nyumbani kila dakika, na utaishia kulipia kitanda usichokilalia. Kwa ndugu wa pembeni kidogo panafaa. Ukipiga simu kuweka nafasi, waulize moja kwa moja kama ukumbi una shughuli usiku huo, na omba chumba cha chini upande wa geti.