Blanketi la Uhura: mchoro wa dola 6 na mkono wangu wa kushoto

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne, ila kuna ukurasa mmoja ambao muuzaji hakuuandika, na kukosekana kwake kulinilia wiki nzima.

Nilichonunua ni mchoro wa kroshia, faili la PDF la kurasa 14, wa kufumia blanketi la picha la Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, ile ya mwanzo iliyoanza kurushwa Marekani Septemba 1966. Juu kuna chombo chao, Enterprise, kinaelea kwenye weusi wenye nukta chache nyeupe. Chini yake yupo Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo hicho, kuanzia mabegani, gauni jekundu, kidude cha kusikilizia kiko sikioni. Chini kabisa ni namba ya chombo, NCC-1701.

Michoro ya wenzake, Spock na Kapteni Kirk, imejaa tele. Ya Uhura peke yake niliitafuta mpaka nikakata tamaa, na mimi nilimtaka yeye. Kaka yangu anaishi Njombe, ambako mwezi wa saba blanketi moja ni dharau kwa mgeni, na tangu mwaka juzi alikuwa ananidai blanketi. Tulipokuwa wadogo tuligombania kanda za video za Star Trek ambazo rafiki wa baba alituachia. Nusu ya Kiingereza chake hatukukielewa. Ila kulikuwa na mwanamke mweusi ndani ya chombo cha angani, jina lake limetokana na "uhuru", na katika kipindi kimoja mtu anamsemesha Kiswahili! Kiswahili chenyewe kinataka msikilizaji mwenye huruma, lakini tulikirudia mpaka picha ikaanza kutetemeka. Filamu ya 2009 ilipotaja jina lake la kwanza, Nyota, kaka alinipigia simu usiku kana kwamba kazaliwa mtoto nyumbani.

Turudi kwenye mchoro. Ufumaji wake ni wa kona kwa kona. Unaanza na kiraba kimoja pembeni, mstari unaofuata viraba viwili, kisha vitatu, unapanda kwa mshazari hadi upana utimie, unaendelea na idadi ileile mpaka urefu nao utimie, halafu unapunguza hadi kubaki kimoja kwenye kona ya mwisho. Huu ni wa viraba 60 kwa 80, yaani viraba 4,800 katika mistari 139. Kiraba kimoja ni mishono ya aina mbili: cheni tatu na dabo tatu. Kwa sindano namba 5 na uzi wa sweta wa kawaida, changu kilitoka sentimita mbili hivi, kwa hiyo blanketi ni kama mita 1.2 kwa 1.6. Limekula mabunda 25 ya gramu mia. Hesabuni uzi kabla ya kuhesabu dola 6.

Hiyo "dabo" nayo ilinichezea mapema. Mama alijifunza kroshia kwa masista, na masista walifuata vitabu vya Uingereza. Wanachokiita Wamarekani dabo, kwa Waingereza ni trebo. Dabo ya Waingereza ni ile fupi. Mchoro hausemi popote unatumia lugha ya nani. Kipande changu cha majaribio kilitoka viraba vimebonyea kama maandazi yaliyokaliwa. Nikafumua, nikaanza upya, hasara ya jioni moja tu.

Hasara kubwa ilikuja baadaye. Mimi ni mashoto. Mbali na picha yenyewe iliyochorwa kwenye vyumba vidogo, muuzaji ameandika kila mstari kwa maneno: nyeusi 14, nyeupe 3, nyeusi 1, na kuendelea. Ni rahisi kufuata ukiwa kwenye kochi taarifa ya habari ikiendelea, basi nikafuata maneno, grafu nikaiweka pembeni. Mwenye mkono wa kulia anaanzia kona ya chini kulia. Mimi mkono wangu unaanzia kona ya chini kushoto. Maneno yaleyale, kona tofauti: picha inageuka kama kwenye kioo. Na sikujua, kwa sababu namba inaanza kujitokeza kwa mwisho wake. Ikatoka 1, sawa. Ikatoka 0, sawa. Hizo hazina uso wala kisogo. Nilipofika mstari wa 32 ndipo 7 ilipokamilika, na ilikuwa imenipa mgongo. Viraba 528.

Nililitupa kwenye kiti nikaenda kupika. Niliporudi mama alikuwa amelishika, miwani puani.

"Unalia nini? Saba hii hapa."

"Mama, imegeuka."

"Imegeuka kwako. Hebu njoo huku."

Alikuwa ameligeuza upande wa nyuma. Ufumaji huu pande zake mbili hufanana, na kwa nyuma 7 ilisimama vizuri kabisa. Tatizo likabaki ncha za nyuzi, kwa sababu zote nilikuwa nimezining'iniza upande ambao sasa ndio uso. Nilizivuta moja moja kwa sindano nene kuzipeleka upande wa pili, na kuanzia mstari wa 33 kila uzi niliouacha niliuachia huko. Mashoto wenzangu, ni hivyo tu: nyuma ndiyo mbele, amueni tangu kiraba cha kwanza. Sentensi moja kwenye PDF ingetosha.

Rangi ndizo zilizompa hizo nyota tatu. Gauni lina wekundu wa aina mbili, na ule mweusi kidogo umewekwa chini ya kidevu na begani tu, mahali penyewe. Ukilikaribia unaona viraba tupu, mpaka unajiuliza umefuma nini. Rudi nyuma hatua nane, Uhura anakutazama. Mimi nilikuwa napiga picha kwa simu kila baada ya mistari kumi ili nijipe moyo. Uso tu ndio nilioubadilisha. Muuzaji ameweka kahawia moja bapa, nikaongeza ya pili shavuni, viraba 40 hivi.

Pembeni kuna pindo la mistari mitatu, njano, buluu na nyekundu, rangi za sare zao. Kaka alidai ile njano niifume kijani, kwa kuwa shati la Kirk kwa kweli lilikuwa la kijani na taa na filamu za wakati ule ndizo zilizolitoa la njano. Ni kweli. Lakini sisi tuliliona la njano, na mfumaji ni mimi.

Aina za nyuzi zilizotajwa kwenye mchoro ni za Marekani, msihangaike nazo. Nilinunua sokoni hapa Arusha. Nunueni nyekundu yote siku moja. Mimi niliongeza mabunda matatu baada ya mwezi, na begani kuna mshazari unaonekana mwekundu tofauti. Wageni wanadhani ni kivuli, nami sijawakosoa.

Kwenye mistari mirefu nilikuwa na nyuzi tisa zinazoning'inia kwa pamoja. Nilizisokota kwenye vibanio vya kuanikia nguo, kila rangi na kibanio chake, na kila mwisho wa mstari naligeuza blanketi kulia, ule unaofuata kushoto. Bila hivyo ni kufungua mafundo kutwa.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu mashoto. Akajibu baada ya siku mbili, kwa adabu, akanipa punguzo la mchoro mwingine. Faili nililipakua tena juzi kuangalia. Ukurasa bado haupo.