Trish Stratus au Torrie Wilson: mwanamitindo wa Mombasa amfuate nani kwenye ulingo wa mieleka?

Wote walianzia uanamitindo wa mazoezi ya mwili. Torrie, Mmarekani, aliingia kampuni ya mieleka ya WCW mwaka 1999, akahamia kampuni nyingine, WWF (sasa WWE), 2001. Umaarufu aliupata, mkanda wa ubingwa hakuwahi kuuvaa. Trish wa Kanada alifunzwa mieleka Toronto na mkufunzi Ron Hutchison, na alipostaafu 2006 alikuwa bingwa wa wanawake wa WWE mara 7.

Mfuate Trish. Pozi na mwendo wa jukwaani unavyo tayari. Usichokijua ni kuanguka. Chuchumaa, bana kidevu kifuani, toa pumzi, jirushe chali utue kwa mgongo wa juu, viganja vikipiga chini papo hapo, mikono nyuzi 45 kutoka mwilini. Ukitanguliza mkono nyuma, kifundo cha mkono kinaumia. Kidevu kikiachia, kisogo ndicho kinachopiga.

Ufuo wa Pirates wafaa kwa kuanzia, ila kwenye mchanga mkavu tu: ule ulioachwa na maji kupwa ni sakafu tupu. Tena mchanga haunesi kama mbao za ulingo, kwa hiyo usikae nao sana.