Uzoefu wangu: ziara ya kanisa la St Michael and All Angels, Blantyre

Mpresbiteri wa Kenya anayefika Blantyre, nchini Malawi, ana sababu ya pekee ya kulitembelea kanisa hili, kwa kuwa mchungaji aliyelijenga, David Clement Scott, ndiye aliyekuja baadaye kuiongoza misheni ya Kanisa la Uskoti huko Kikuyu, Kenya, chimbuko la Kanisa la Presbiteri la nchi hiyo, kuanzia mwaka 1901 hadi alipofariki huko mwaka 1907. Nililizuru pamoja na mwongoza watalii niliyempata kupitia kampuni moja ya safari.

Jengo lenyewe linastahili sifa zote. Lilijengwa kati ya mwaka 1888 na 1891, Scott akiwa hajasomea usanifu majengo, na kazi ya mikono ikafanywa na Waafrika ambao wengi wao walijifunza uashi papo hapo. Inaelezwa kwamba yalitumika matofali ya maumbo 81, na kwamba sehemu ngumu zilipangwa kwanza bila udongo wala chokaa ili kuona kama zitakaa. Minara miwili ya mbele haifanani, jambo lililonipendeza kuliko kama ingefanana. Nilizunguka nje kwa muda mrefu nikiangalia kona za madirisha na matao, na sikuona mahali ambapo fundi alilipua kazi.

Maelezo ya mwongozaji ndiyo yaliyonivunja moyo. Alisimulia habari za Scott kana kwamba alifyatua kila tofali peke yake, akawapita mafundi kwa sentensi moja, na hakugusa kabisa miaka iliyotangulia. Misheni ya Blantyre, nayo ya Kanisa la Uskoti, ilianzishwa mwaka 1876, na haukupita muda wamisionari wakajitwalia mamlaka ya kuhukumu: watu walichapwa viboko kikatili, na mwaka 1879 mtu mmoja aliuawa kwa hukumu yao. Habari zilipofika Uskoti zilizua kashfa, kiongozi wa misheni, mchungaji Duff Macdonald, akaondolewa, na mwaka 1881 Scott akatumwa kuanza upya. Kwa maoni yangu, ukubwa wa kanisa hili, katika misheni ambayo muda mfupi kabla yake ilikuwa imepoteza heshima, haueleweki bila habari hizo.

Jengo nalipatia nyota tano, ziara nyota mbili. Anayekwenda asome kwanza historia ya misheni, kisha atafute mzee wa kanisa wa kumtembeza badala ya kulipia kampuni.