TAHADHARI: Muuza fungate za Zanzibar anayezunguka kwenye magrupu ya harusi Nairobi

Jamani, kama uko kwenye kamati yoyote ya harusi hapa Nairobi na kuna mtu amewatumia bango la "Fungate Zanzibar, usiku 4, wawili kwa 85,000, kila kitu ndani", msitume hata shilingi kabla hamjasoma haya. Mdogo wangu na mkewe waliachwa JKIA na masanduku yao, hina ya wifi yangu bado mbichi mikononi. Kwenye kaunta ya ndege majina yao hayakuwepo. Tukapiga simu hotelini Zanzibar: hapo pia hakuna anayewajua.

Jina la huyo mtu sitaliandika. Shauri liko polisi, na isitoshe jina lenyewe halikai: ukurasa wa Instagram aliotumia kwetu umefutwa, na mwingine umezuka wenye picha zile zile. Afadhali mjue mwendo wake.

Haji mbio mbio. Huingia kupitia watu wa harusi wenyewe: mpambaji, DJ, mpiga picha, mmoja wao anatumiwa bango na analisukuma kwenye grupu bila kujua. Akishaingia anaongea taratibu, hashindani bei, kila bibi harusi ni "malkia wangu". Ofisi anasema iko Moi Avenue, lakini siku zote yuko "na wateja nje" na anapendekeza mkutane mkahawani. Tulipokwenda kuitafuta baada ya mambo kuharibika, mlinzi wa jengo alituambia sisi si wa kwanza kuuliza.

Sasa tiketi, kwa sababu hapa ndipo watu makini hunaswa. Aliwatumia barua pepe yenye nembo ya shirika la ndege, majina yao, tarehe, na zile herufi na tarakimu sita ambazo mawakala huziita PNR. Mdogo wangu si mjinga. Aliziingiza kwenye tovuti ya shirika, na safari ikatokea na majina yote mawili. Nani angeshuku? Lakini PNR ni nafasi iliyoshikwa tu. Wakala anaweza kukushikia kiti bila kutoa senti, na muda aliopewa ukiisha bila malipo, mfumo wenyewe unaifuta. Tiketi hasa ina namba yake ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ndizo za shirika: ya Kenya Airways huanza na 706. Kama karatasi yako haina namba hiyo, hujakatiwa tiketi, hata kama jina lako linaonekana kwenye tovuti leo. Na hata namba ikiwepo, rudi uangalie tena karibu na safari, maana tiketi iliyokatwa inaweza kufutwa na pesa zikarudi kwa aliyeikata, si kwako.

Mwenzangu mmoja wa kamati alisema bei ndiyo ingetustua. Labda. Nauli ya watu wawili peke yake ingekula sehemu kubwa ya hiyo pesa. Lakini msimu wa harusi kila mtu anatafuta nafuu, na huyu alikuwa na jibu tayari: faida yake haipo kwenye pakeji, iko kwenye "vionjo vya mapenzi".

Vionjo hivyo ndivyo vilivyomtajirisha. Baada ya pakeji kulipwa, alianza kuwafuata watu mmoja mmoja. Shangazi aliuziwa chakula cha usiku cha mishumaa ufukweni, iwe zawadi ya siri. Marafiki wa bibi harusi wakauziwa mashua ya machweo. Mjomba akauziwa masaji ya wawili. Elfu sita hapa, elfu tisa pale, kila mmoja kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na kila mmoja akiambiwa asiwaambie maarusi. Hesabu ilipokuja kupigwa mezani, vionjo vilikuwa vimepita bei ya pakeji. Na kwa kuwa kila mtu alipoteza kidogo chake, wengi hawakutaka usumbufu wa kwenda kuandikisha. Ukiniuliza, hilo alilipanga.

Mimi nimekulia Mombasa na nina jamaa Unguja. Waliponionyesha yale mabango, tayari tumeshaibiwa, sikujua nicheke au nilie. Huyu bwana anauza bahari asiyoijua.

Chakula cha mishumaa alikiuza Paje, "jua likizama baharini mbele yenu". Paje iko pwani ya mashariki! Jua pale linachomoza baharini. Jioni linazama nyuma yako, upande wa minazi na barabara. Anayetaka kuliona likiingia majini aende kaskazini magharibi, Nungwi au Kendwa, au kule Michamvi Kae panapotazama ghuba ya Chwaka. Halafu maji ya Paje yakipwa huondoka mbali sana, unabaki unatazama mchanga na mashamba ya mwani ya akina mama. Pazuri, ndiyo, lakini si picha aliyoiuza.

Nakupenda ndiyo kichekesho zaidi. Ni fungu la mchanga karibu na Mji Mkongwe linaloonekana maji yakipwa, yakijaa linamezwa. Yeye aliuza meza ya chakula pale "kila siku saa kumi na mbili jioni". Maji hayafuati ratiba ya mtu wa Moi Avenue: saa ya kujaa na kupwa husogea karibu dakika hamsini kila siku, na wakati wa bamvu, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hupanda zaidi. Nahodha wa kweli hukuuliza kwanza unakuja tarehe ngapi, ndipo akutajie saa ya kutoka. Mara nyingi hukuunganishia na Changuu, mkaone makobe wakubwa ambao mbegu yao ilitoka Ushelisheli. Huyu hakumwuliza mtu tarehe hata mara moja.

Kuna na "mlo wa mchana wa faragha ndani ya kisiwa cha Mnemba", kwa elfu saba. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli moja ya watu wenye pesa ndefu. Sisi wengine tunakwenda na boti kuogelea na kutazama samaki kwenye matumbawe yanayokizunguka, hatushuki. Na ile picha kubwa ya bango, vibanda juu ya maji na mlima mrefu uliochongoka nyuma? Unguja ni tambarare, hakuna mlima wa namna ile. Ule unaitwa Otemanu, uko Bora Bora, katikati ya bahari ya Pasifiki. Ukiiweka picha kwenye Google Lens inakujibu papo hapo.

La mwisho, aliwaambia maarusi wabebe kitambulisho tu. Kitambulisho cha taifa kinamvusha Mkenya hadi Uganda na Rwanda. Tanzania haimo kwenye mpango huo wa kitambulisho, unahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huulizwa ukitokea Kenya. Wakala aliyewahi kupeleka hata mteja mmoja Zanzibar anayajua haya usingizini.

Kwa hiyo mkiuziwa fungate, muulizeni muuzaji maswali ya kule kule. Jua linazama upande gani wa hoteli? Maji yatakuwa yamejaa au yamepwa tarehe yetu saa kumi? Mwenye kazi yake atajibu au atawaambia anapiga simu kuuliza. Huyu wetu alikuwa akibadilisha mazungumzo na kutuma maua.

Karatasi pia ziangaliwe. Yeye alikuwa akionyesha kibali cha biashara cha kaunti, kimewekwa fremu vizuri. Hicho hata muuza viatu anacho. Kampuni ya safari inatakiwa iwe na leseni ya Tourism Regulatory Authority (TRA), mamlaka ya Kenya inayosimamia biashara za utalii, na unaweza kuwauliza TRA wenyewe kama jina hilo lipo. KATO, chama cha waendesha safari, nacho kina orodha ya wanachama. Hotelini piga wewe, kwa namba iliyo kwenye tovuti ya hoteli, siyo ile iliyoandikwa kwenye vocha uliyopewa. Na kabla ya kuweka PIN, soma jina M-Pesa inalokuonyesha: kampuni inayotaka 85,000 ya kamati na hailipwi kwa paybill wala till yenye jina lake, hiyo ni ya kukimbia.

Vionjo, kwa maoni yangu, msivinunue Nairobi kabisa. Wapeni maarusi pesa mkononi. Mashua ya machweo hupangwa hapo hapo kupitia mapokezi ya hoteli, unaiona kabla hujalipa. Kutembea Forodhani usiku hakuna kiingilio. Msitu wa Jozani, kuona kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, unalipa langoni. Ule mgahawa ulio juu ya mwamba Michamvi Pingwe, unaofikiwa kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa, hupokea oda za wateja wenyewe. Huko nako kuna papasi, vijana wanaowauzia wageni safari, wa kukufuata barabarani, lakini papasi angalau unamwona uso.

Kama mmeshamtumia pesa leo hii, pelekeni ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom haraka mwombe zirudishwe. Akishazitoa kwenye laini ni vigumu. Namba yake ya ulaghai ripotini kwa 333, bure. Kisha nendeni kituoni mkaandikishe na mpewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), mkiwa na taarifa ya M-Pesa na mazungumzo yote ya WhatsApp, yasifutwe hata salamu. Kujipatia pesa kwa uongo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu, kifungo hadi miaka 3. Akishajulikana alipo, kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi milioni moja.

Sisi tumeandikisha kituo cha Central. Afisa alituambia walalamikaji wakiwa wengi wenye namba zile zile za simu, faili inasogea. Basi ukitambua mwendo huu, hata kama ulilipia masaji ya elfu nne tu, niandikie inboksi namba uliyotumia pesa. Tunalinganisha, na wenye kufanana tunakwenda pamoja Jumatatu asubuhi.