Sailensa ya gari Dar: ipi ununue, ipi uiache dukani

Nianze na jibu, kwa anayesoma akiwa tayari amesimama Gerezani na winga, yule dalali wa dukani, kamshika mkono. Tafuta sailensa ya mtumba kutoka Japani, iliyotolewa kwenye gari la aina yako. Ukiikosa, chongesha mpya kwa bati ulilolichagua mwenyewe. Ile kopi inayong'aa, iliyoning'inizwa mlangoni mwa duka ili uione kabla hujashuka garini, mimi naiweka ya nne kati ya tano.

Bei siandiki. Bei ya sailensa mjini hapa husomwa kwanza kwenye kibao cha namba cha gari lako. Ukija na namba E, ya gari lililosajiliwa karibuni, utatajiwa bei ya namba E, hata kama ni Toyota IST ileile anayoendesha jirani yako mwenye namba C. Nenda kwa miguu, na picha ya sailensa yako kwenye simu.

Ekzosi za Dar zinashambuliwa pande zote mbili. Nje kuna hewa ya chumvi, hasa kwa wanaolaza magari Kigamboni, Msasani au Kunduchi, halafu yanakuja madimbwi ya masika. Ndani shida ni maji ya injini yenyewe. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na gari linalotoka Sinza kwenda Mwenge kwa kusukumana na foleni halipati muda wa kuchemsha bomba lote hadi nyuma. Maji yanatulia kwenye boksi la mwisho, yanachanganyika na tindikali za moshi, na bati linaliwa taratibu. Ndiyo maana mtu anayekwenda Morogoro na kurudi kila wiki anaweza kudumu na sailensa kuliko mama anayepeleka watoto shule mtaa wa pili. Na yale matone unayoyaona asubuhi kwenye mdomo wa bomba si ugonjwa, yaache yatoke.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kilichokufa ni sailensa. Washa gari likiwa la baridi, chukua tambara nene, ziba mdomo wa bomba kwa sekunde chache, na mwenzako asikilize chini. Penye tundu patatoa mlio wa upepo. Ukisikika mbele, karibu na miguu ya dereva, huenda ni gasketi au fleksibo, kile kipande cha bomba kinachonyumbulika. Kelele ya bati linalogongana mara nyingi ni ile kinga ya joto iliyolegea, na klampu moja inaituliza. Ekzosi inayogonga chini kwenye matuta inaweza kuwa inadai raba tu za kuning'inizia. Nawafahamu watu walionunua boksi zima kwa sababu ya raba mbili.

Sasa, ndani ya lile boksi kuna nini? Moshi unatoka kwenye injini kwa mapigo yenye shinikizo kubwa. Boksi linaupokea, linaupa nafasi ya kutanuka, linauzungusha kwenye vyumba na mabomba yenye vitundu, na mawimbi ya sauti yanarudishwa nyuma yakutane na mengine yapunguzane nguvu. Baadhi yana pamba ya kioo inayomeza sauti. Kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki hufanya kazi karibu vilevile, na si ajabu: Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya kifaa hicho mwaka 1909, alitengeneza pia vya kutuliza injini. Baba yake ndiye aliyebuni bombomu la Maxim, silaha ambayo babu zetu waliijua kwa ubaya. Baba kaleta kelele, mwana kaja kuipunguza.

Kwa mnunuzi, maana yake ni moja: unachokilipia kiko ndani, na mng'ao wa nje hausemi chochote kukihusu.

Namba moja: mtumba wa Japani

Hizi utazikuta Ilala, Gerezani na Kariakoo, zimepangwa kama magogo, nyingine bado zina matope ya Japani. Sababu ya kuzipa nafasi ya kwanza ni rahisi. Zilitengenezwa kwa gari lako hasa, zenye masikio ya raba mahali pake na flanji inayokaa bila kulazimishwa. Pia huko kwao gari binafsi hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na sauti na moshi ni sehemu ya ukaguzi. Mjapani haendeshi na sailensa iliyotoboka.

Lakini Japani nayo ina chumvi. Hokkaido na mikoa ya theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari lililotoka huko linaweza kuwa na uso wa msichana na tumbo la kutu. Basi usinunue kwa kutazama juu. Igeuze. Bonyeza mshono wa chini kwa bisibisi, tena kwa nguvu, ukizama, rudisha. Itikise karibu na sikio: ikilia vipande, kuta za ndani zimeachia, ikimwaga unga mwekundu, inaoza. Mulika ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Kisha ipime kwa mkono dhidi ya nyingine ya aina hiyohiyo, kwa sababu iliyoliwa ndani huwa nyepesi.

Utakuta kitundu kidogo chini ya boksi. Muuzaji anaweza kukwambia, "Hiki kidogo tu, dada, fundi atakiziba." Kisizibwe! Boksi nyingi hutoka kiwandani nacho, ni njia ya maji.

Dereva mmoja wa IST ya abiria wa mtandaoni, anayeshinda barabarani tangu alfajiri, aliniambia hanunui tena kitu kingine. Hoja yake haikuwa kelele. Ni kwamba mtumba unafungwa kwa bolti mbili, na nusu saa baadaye yuko kazini, wakati kuchomelea kunamla mchana mzima. Kwa anayepeleka hesabu kwa tajiri kila siku, hoja hiyo inatosha.

Namba mbili: ya kuchongesha

Mafundi wa Gerezani wakitaka, wanatengeneza boksi litakaloishi kuliko gari. Neno ni hilo, wakitaka. Wakiachwa wachague wenyewe watachukua bati jeusi la kawaida, watalipaka rangi ya fedha, na msimu wa pili wa mvua utarudi.

Kwa hiyo chagua bati mwenyewe. Lililopakwa aluminiamu linavumilia kutu vizuri kuliko bati tupu. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora, na kina madaraja: 304 hakishikwi na sumaku, 409 kinashikwa na bado ni halali kwa ekzosi, magari mengi hutoka nacho kiwandani. Beba sumaku ndogo. Ukiambiwa ni 304 na sumaku imeng'ang'ania, hujauziwa 304.

Omba kuona ndani kabla hawajafunga. Wapo wanaoweka bomba lenye vitundu, wakalizungushia nyuzi za kusugulia sufuria, wakaziba. Itanyamaza kwa muda, halafu nyuzi zitapulizwa nje kidogo kidogo hadi boksi libaki debe tupu. Unataka kuta za kugawa vyumba, au pamba ya kioo iliyoshindiliwa vizuri. Kipenyo cha bomba kiwe kilekile cha zamani. Jembamba linalibana gari pumzi. Nene kupita kiasi linaongeza mlio bila faida kwenye injini ndogo.

Uchomeleaji wa gesi ya CO2 ni bora kwa bati jembamba kuliko ule wa fimbo, ambao hulitoboa ovyo. Na wowote utakaotumika, waya hasi wa betri uchomolewe kwanza. Umeme wa kuchomelea unaweza kuua kontrol boksi, kompyuta ya gari, na hiyo ni bei nyingine kabisa. Fundi akicheka ukimwambia hivyo, chomoa mwenyewe; ni spana ya kumi tu.

Mwenye Noah wa Kigamboni, anayevuka na pantoni karibu kila siku, yeye mtumba haumtoshi tena. Alichongesha ya chuma kisichoshika kutu, na anakiri mlio umekuwa mzito kidogo kuliko wa mwanzo. Anasema bora mzito kuliko kurudi kwa fundi kila masika. Mimi ningekaa kando ya bahari kama yeye, ningeipandisha hii namba moja.

Namba tatu: mpya halisi

Ni nzuri kuliko zote, bei tu ndiyo inayoishusha hapa, na haina maelezo mengi. Inaagizwa kwa wakala wa kampuni ya gari, unasubiri, inakaa bila kukatwa popote. Kwa gari jipya, au unalotaka kulishika muda mrefu, inunue. Kwa Raum ya miaka ishirini, hela hiyo ingetengeneza bushi za mbele na tairi zikabaki.

Namba nne: kopi mpya

Si zote takataka. Tatizo ni kwamba bati lake huwa jembamba na masikio hayakai sawa, kwa hiyo fundi anakata, anaunga, anavuta. Umelipia sailensa, ukalipia na kuchomelea, ukapata viungo vitatu vipya vya kuoza. Ukilazimika, chukua iliyo nzito, fananisha na ya zamani palepale dukani kabla ya kulipa, na dai risiti ya EFD iliyoandikwa muda wa kurudisha. Muuzaji asiyetaka kuandika, ameshakujibu.

Namba tano: kiraka

Tundu moja kwenye bomba lililo bado gumu, ziba, hakuna aibu. Boksi lililooza halizibiki. Kila moto unapogusa, bati linarudi nyuma na tundu linakua. Lakini usikae na tundu kwa kuwa umezoea kelele. Moshi una hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Tundu likiwa chini ya viti, na wewe umefunga vioo kwa ajili ya AC kwenye foleni ya Mandela, hiyo hewa inaweza kuingia ndani. Kichwa kikiuma kila ukiwa garini na kikipona ukishuka, peleka gari gereji leo. Tundu lililo mbele ya sensa ya oksijeni lina hasara nyingine: sensa inaona hewa ya nje, inadhani mafuta ni machache, na gari linaanza kunywa.

Zile za "michezo", bomba tupu lenye mdomo mpana, sikuzipa namba. Ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama sauti iliyoongezeka mara mbili hivi, na Tabata saa saba usiku hakuna anayekushangilia. Trafiki wanalisikia kabla hawajaliona, na tangu 2015 nchi ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo NEMC, baraza la taifa la mazingira, inaisimamia. Wenye bodaboda mnaokata sailensa ili pikipiki isikike kubwa, injini ni ileile.

Liko jambo ambalo ningesimamia wima kuliko hata aina ya boksi: masega, yaani katalitiki inayosafisha moshi. Yako mbele, karibu na injini, na ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Umekwenda kwa kelele ya nyuma, unaambiwa, "Bosi, masega yameziba, tuyatoe gari livute." Yanaweza kuziba kweli, gari litakosa nguvu kwenye mlima na sehemu ile itapata joto kali. Ila hilo hupimwa, halikisiwi kwa macho. Kazi ya sailensa haihitaji kugusa masega, kwa hiyo usiende kunywa chai wakati gari liko juu ya jeki. Na yakitolewa kwa sababu halali, ondoka nayo. Sailensa kuukuu mwachie fundi akukatie kidogo kwenye malipo, itakwenda kwenye chuma chakavu kwa kilo. Masega hayauzwi kwa bei ya kilo ya chuma, na yeye anajua.