Muhuri wa mtaa upo, ila kwanza risiti ya taka

Mdogo wangu alikuwa mahabusu na mahakama ikataka wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho cha taifa cha NIDA pamoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake. Kitambulisho ninacho. Barua ndiyo iliyonitoa jasho.

Tunakaa pembezoni mwa Dar es Salaam, huku ambako nyumba zimetangulia na barabara bado inakuja. Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wetu, ambayo ndiyo naipa nyota hapa, nikamkuta mtendaji wa mtaa anachati kwenye simu. Nikasalimia, kimya. Nikaeleza shida yangu, akauliza bila kuinua uso: "Risiti ya taka?"

Risiti ya taka, yaani ya ada ya kuzolewa taka! Mtu yuko ndani, mimi naulizwa taka. Na hizo taka zenyewe anazoa nani? Gari la mzabuni wa taka lilivyoingia kichochoro chetu mara ya mwisho hata sikumbuki, tunachimba mashimo na kuchoma wenyewe. Nikamwambia hivyo. "Kaka, mimi sizoi taka. Mimi naangalia risiti." Haya, nipe namba ya malipo nilipe sasa hivi. Namba hakuna! Eti nimwachie hela mkononi, risiti nitaifuata. Nikatoka natetemeka kwa hasira.

Jioni nikamkuta mwenyekiti wa mtaa kijiweni, kwenye kahawa. Huyu ni mmoja wa wale tuliowachagua Novemba 2024, na kura yangu hakuipata. Shikamoo mzee. "Marahaba mwanangu, mbona umevimba?" Akanisikiliza, akauliza mjumbe wangu ni nani, akaandika barua juu ya siti ya bodaboda, akatoa muhuri mfukoni, akagonga. Kahawa yangu akalipa yeye.

Kwa hiyo nyota tano? Nilitaka kuzitoa, wallahi. Lakini kila nikimfikiria mzee yule napandwa upya. Yeye anaishi kwa posho ya kusubiri, mwenye mshahara ni yule wa kwenye simu. Barua ya dakika chache imemlaza mdogo wangu mahabusu usiku mwingine, na jirani yangu mmoja yeye aliombwa hela ya karatasi juu. Nyota moja. Mzee nisamehe, imekupata na wewe.

Mwenye shida ya barua mtaani kwetu asihangaike na ofisi asubuhi. Aende kijiweni saa kumi na moja jioni, na karatasi yake mkononi.