Toni ya boati ku Birere: ni tamu, ila etiketi haisemi kitu juu ya samaki zenye zilirudishwa mu maji

Bandugu ba Goma, kuna dada mumoja aliniuliza wiki iliyopita kama hizi boati za toni zenye zimejaa mu mabutike ya Birere ni za kweli ao ni za kupoteza pesa, nikamwambia ngoja nikule kwanza kiisha nitaandika. Sasa nimekula. Nilinunua boati tatu za toni na mbili za sardini kwa mama mwenye tumezoeana, toni dola 2 moja, sardini dola 1, na kama unalipa na faranga anakuhesabia bei ya dola ya siku ile, haongeze kitu. Butike yake ni safi, boati zenye zimebonyea anaziweka pembeni hauzishi, hiyo nampongeza juu si bote banafanya vile.

Toni njo naanza nayo. Banaandika grama 160, na ukimwaga mafuta zibaki 112. Nilipima ku mizani ya jirani mwenye anauzisha sambaza, zile samaki ndogo za ziwa Kivu, moja ilitoa 110 ingine 113, kwa hiyo hapo habatuibi. Nyama ni bipande bikubwa, si ile ya unga-unga ya boati za bei ya chini. Mafuta ni ya soya, chumvi iko kiasi, harufu ni ya samaki tu. Pete ya kufungulia ilikatika ku boati moja nikatumia kisu, mutoto alikuwa karibu na nilishituka, hiyo bairekebishe. Nilikaanga kitunguu na nyanya na pilipili ku mbabula, toni nikaiweka mwisho kabisa, dakika mbili tu, juu ukiiacha mu moto inakauka inapoteza utamu wote, kiisha tukakula na bugali na lengalenga. Batu sita, boati mbili, bote bakashiba. Kwa siku yenye sambaza ni ghali ao ziwa limechafuka bavuvi hawakutoka, hii ni musaada wa kweli mu nyumba.

Kwa utamu basi sina shida. Shida yangu iko nyuma ya boati.

Mu maandishi madogo sawa mayai ya chawa kuna jina la samaki, Katsuwonus pelamis, yenye Bafaransa banaita listao na ndugu zetu ba pwani banaita sehewa. Kiisha kuna FAO 51, maana yake ilivuliwa magharibi ya Bahari ya Hindi. Kiisha neno moja: senne, ni Kifaransa, aina ya wavu, sisi tunaita seni. Batu bengi banaruka ile neno. Mimi siwezi kuiruka, nimezaliwa Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, baba yangu alikuwa muvuvi wa sambaza na wavu njo ulinilipia minervali mpaka nikamaliza humanité.

Ile seni si ya kukokota mpaka ku inchi kavu kama tunajua hapa. Ni seni ya kuzunguka. Sitima kubwa, zingine zinapita mita 80 ya urefu, inabeba nyuma yake kaboti kafupi kenye mashini ya nguvu. Bakiona kundi ya toni, kaboti kanashuka mu maji kanashikilia mwisho mumoja wa wavu, sitima inazunguka kundi mbio mbio huku inamwaga wavu mpaka inarudi pale ilianzia. Wavu unaweza kupita kilomita 1 na nusu, na kushuka mita 200 chini. Mpaka hapo samaki ingali na mulango wa kutokea, kwa chini. Lakini ku sehemu ya chini kumefungwa mapete ya chuma, na mu mapete munapita kabo, banavuta ile kabo na chini yote inafungana, sawa vile kale kafuko kenye bamama banafungia pesa ku kiuno, ukivuta kamba mudomo unajifunga. Kiisha ile pule kubwa ya juu, gurudumu ya kuvuta wavu, yenye Mario Puratić alitengeneza ku Marekani mu miaka ya 1950 na yenye ilibadilisha kazi ya bavuvi dunia nzima juu mbele yake wavu banauvuta na mikono, inaanza kumeza wavu, nafasi ya samaki inapunguka, inapunguka tena, mpaka zinabanana ku ubavu wa sitima. Hapo njo banazichota na kijiko kikubwa cha wavu, tani kadhaa kwa mara moja, zinaingia mu matangi ya maji ya chumvi ya baridi kali. Zile sitima nyingi za Bafaransa na Bahispania zinavua huko tangu miaka ya 1980, zinashushia Victoria ku Seychelles. Na siku hizi habangojei kuona kundi na macho, banaacha bitu bya kuelea mu bahari byenye alama ya satelaiti, samaki zinakusanyika chini yake, sitima inakuja kuzungusha wavu.

Sasa ile yenye haitakiwi, yenye imeingia mu wavu na si yenyewe banatafuta, inakuwa nini? Batu banajibu haraka: banairudisha mu maji, inaenda zake. Hapo njo niko na neno, juu hiyo jibu niliiamini mimi mwenyewe mpaka nikiwa na miaka 12.

Nitasema vile ilikuwa. Tulitoka na trimarani, pirogi tatu zimeshikanishwa na miti, wavu unashuka katikati, mataa yanawaka, wakubwa banaimba mu giza. Wavu ukapanda umejaa tusambaza tudogo kabisa, twa urefu wa kidole cha mutoto. Baba akasema turudishe, tuache tukomae. Tulitugeuza mu maji na tukafurahi, mimi nikaona tumefanya kitu kizuri. Kulipokucha tukapita pale pale: maji yalikuwa meupe na matumbo ya sambaza, mwewe zinashuka zinapanda. Nikamuuliza baba, si tuliziachilia zikiwa nzima? Akanishika mukono akaugeuza ku jua, ulikuwa unang'aa magamba mpaka ku kiwiko. Akasema, unaona, nguo zao ziko kwako.

Samaki za namna hii magamba yao yanatoka ukizigusa tu, na bila magamba na ule utelezi wa ngozi mwili hauwezi tena kupanga maji na chumvi yake, jeraha linaingia ugonjwa, inaogelea kidogo kiisha inakufa, saa zingine siku zingine, mbali na macho ya mwenye aliiachilia. Sambaza ni mugeni mu Kivu, ilitolewa Tanganyika ikaletwa hapa mwisho wa miaka ya 1950, na ku Tanganyika kule mu miaka ile ile bavuvi Bagiriki balianzisha seni ya kuzunguka upande wa Burundi, kwa kuvua ndagala na mikeke. Kwa hiyo si mambo ya mbali na sisi.

Nilisoma mingi juu ya hii na ile yenye baba alinionyesha na mukono wake, balimu banaipima na namba. Ku Uingereza mu 1983 balitoa matokeo ya makareli, samaki ya bahari, zenye zilibanwa mu wavu sawa mu seni kiisha bakaziangalia: zikibanwa sana, mpaka 90% zinakufa mu masaa 48, na wakati banaziachilia zinaonekana zinaogelea. Norvège ikaweka sheria kwamba kama kapita hataki ile kundi, juu ni ndogo ao si yenyewe, lazima afungue mbele ya kuvuta 7/8 ya wavu, na ile 7/8 banaitia alama ya maboya yenye mukaguzi anaiona toka mbali. Kiisha hapo, hauna ruhusa, lazima upakize. Hiyo sheria naipenda sana, inakubali kwamba kurudisha samaki kuchelewa ni kuitupa tu. Ku Portugal nako, kwa sardini, baligeuza namna ya kuachilia: mbele balikuwa banazipindulia juu ya mupaka wa wavu zikibanana, kiisha bakajaribu kuweka uzito ku kamba ya maboya ili mulango ujifungue chini ya uso wa maji na sardini zitoke zenyewe zikiogelea, na zile zinaishi mingi kuliko za kupinduliwa.

Kwa toni ya Bahari ya Hindi yenye iko mu boati yangu, tume ya toni yenye ofisi yake iko Seychelles inakataza sitima za seni kutupa listao, albakore na patudo, aina tatu za toni, zote zishuke ku bandari, isipokuwa zile zenye zimeharibika. Hapo sawa. Lakini papa? Chini ya bile bitu bya kuelea kunakaa papa mumoja ngozi yake laini sawa hariri, Carcharhinus falciformis, bengi bao bangali batoto. Balimu Bafaransa balipanda mu sitima za seni mu Bahari ya Hindi, mu 2014 bakatoa matokeo: kwa papa zenye zilichotwa na kijiko pamoja na toni, 72% zilikuwa zimekwisha kufa ku sitima, na zenye zilirudishwa zikiwa nzima, zikifuatwa na vyombo vya satelaiti, 48% zilikufa kiisha. Karibu nusu, bandugu, ya zile zenye mutu aliona zinaondoka na mukia unapiga. Zenye zilikwama mu wavu tu zikaondolewa mapema bila kupita mu kijiko, kufa ilikuwa 18%. Unaona ni jambo lile lile la Norvège na lile la tusambaza twetu, wakati na kubanwa njo vinaua, kuliko ndoano ao kisu.

Namwandikia na huyu mwenye kutengeneza boati, kama ujumbe utamufikia: grama unaziandika sawa, tarehe unaiandika, bahari unaiandika, kwa nini usiandike kama sitima ilizungushia kundi yenye inaogelea yenyewe ao ilizungushia kitu cha kuelea? Ni maneno matatu tu. Zenye zinavuliwa ku kundi huru zinakamata papa na batoto ba toni kidogo zaidi. Mimi ningelipa hata dola 2 na nusu kwa kujua ile, na niko mutu wa mushahara mudogo. Neno "senne" peke yake ni sawa kumwambia mutu nyama imetoka porini bila kusema porini gani.

Sardini sitaandika mingi. Ni ya Maroc, imeandikwa FAO 34, Sardina pilchardus, nayo ni ya seni ya kuzunguka lakini ya sitima ndogo. Nyama ilikuwa laini, mufupa unaliwa, mafuta mingi kupita, pilipili yake haichome hata kidogo. Kwa mukate ya asubuhi inafaa, kwa bugali hapana. Kwa dola 1 nitainunua tena.

Toni nitainunua tena pia, lakini kwa sasa paka pale nimekosa ingine. Najua ku Maldives banavua hii listao moja moja, na mufimbo na ndoano, na yenye hawataki inarudi mu maji mara moja ingali na nguvu, na boati zao zinaandika "canne". Nimetafuta Birere, nimetafuta Virunga, nimeuliza mpaka mu alimentation za karibu na rond-point, bananiangalia tu. Kama kuna yaya ao dada mwenye ameona boati ya namna ile hapa Goma, ao hata Bukavu, aniandikie ni butike gani na bei gani, nitapanda boti niifuate.